Maradhi yasiyobisha hodi yalivyomwangusha shujaa wa misitu, Prof Wangari Maathai

MSAFIRI anayetoka Karatina kuelekea mjini Nyeri hupita Gatitu kabla ya kuingia mjini. Wenye kuifahamu lugha ya Gikuyu wanajua kwamba jina hilo lina maana ya msitu mdogo. Ni mojawapo ya majina mengi ya eneo la Mlima Kenya yanayohifadhi kumbukumbu ya enzi ambapo miti ndiyo iliyokuwa alama ya mahali.

Ng'ambo ya pili ya mji, kuelekea milima ya Nyandarua, ndiko kuliko kijiji cha Ihithe, eneo la Tetu. Huko ndiko alikozaliwa Wangari Muta Maathai mnamo Aprili 1, 1940, mwanamke ambaye baadaye angeyatumia maisha yake kuirejesha misitu ambayo katika sehemu nyingi ilikuwa imebaki jina tu.

Kina mama wengi wa Gatitu, Tetu na Karatina wanamkumbuka kwa miche. Wanamkumbuka pia kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliyemshinda hatimaye hakuwa askari, hakimu wala mwanasiasa, bali saratani ya ovari, maradhi yanayokua tumboni kimyakimya na kujitokeza wakati tiba imekuwa ngumu. Kifo chake, mnamo Septemba 25, 2011, kingali na funzo kwa kila mwanamke, na kwa kila mwanamume aliye na mama, mke, dada au binti.

Wangari alikuwa mtoto wa mkulima. Akiwa mdogo, familia yake ilihamia shamba la mzungu karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Mwaka wa 1947 alirejea Ihithe pamoja na mama yake, kwa kuwa shambani hakukuwa na shule ya watoto wa Kiafrika. Alipofika umri wa miaka minane aliingizwa katika shule ya msingi ya Ihithe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa msichana wa kijijini wakati ule.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo na kijito cha maji safi. Mama yake alimwonya asiokote kuni chini ya mti huo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Katika kijito, msichana huyo alivutiwa na mayai ya vyura yaliyofanana na shanga, akajaribu kuyaokota ayavae shingoni, lakini kila mara yalimponyoka na kupasuka. Miaka mingi baadaye, alipokuwa amehitimu kuwa mwanasayansi, alifahamu kwamba mizizi ya mugumo ilisaidia maji kupenya mwambani na kuibuka kuwa chemchemi. Mugumo ulipokatwa, kijito kilikauka na vyura wakatoweka.

Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja alijiunga na shule ya bweni ya St Cecilia's, katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri. Huko alisoma akiwa chini ya ulinzi wa watawa, huku nje hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 ikiitikisa nchi yote ya Gikuyu. Alipofaulu vyema alipelekwa Shule ya Upili ya Wasichana ya Loreto, Limuru, ambako alimaliza masomo mwaka wa 1959.

Mwaka uliofuata bahati ilimwangukia. Alikuwa miongoni mwa vijana karibu 300 wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege hadi Marekani mnamo Septemba 1960, kwa mpango uliofadhiliwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Alisomea bayolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka wa 1964. Kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Aliporejea nyumbani Januari 1966, alikuwa na barua ya kuahidiwa kazi katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu jijini Nairobi. Alipofika, aliambiwa kazi hiyo imepewa mtu mwingine. Aliyemwokoa ni Prof Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia katika kitivo cha udaktari wa mifugo. Ndivyo Wangari alivyoingia katika taaluma ya kuchunguza viungo vya mwili kwa hadubini, taaluma iliyompeleka Giessen na Munich nchini Ujerumani kwa masomo zaidi.

Mwaka wa 1971 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho cha elimu. Utafiti wake ulihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe, yaani korodani kwa dume na ovari kwa jike, vinavyoanza na kukua mnyama angali kijusi tumboni mwa mamake. Kwa miaka kadhaa, basi, kazi ya Wangari ilikuwa kuvikata vipande vyembamba vya viungo hivyo na kuzitazama seli zake moja moja. Wachache nchini wakati huo walikuwa wakiifahamu ovari kama yeye. Hata hivyo, elimu hiyo haikuwa ngao. Kiungo alichokichunguza ujanani ndicho kilichozaa maradhi yaliyomuua uzeeni.

Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kokwa ya lozi, vilivyo upande wa kulia na wa kushoto wa mji wa mimba. Humo ndimo mayai ya uzazi yanamohifadhiwa na kupevuka, na humo ndimo zinamotengenezwa homoni za kike. Yai likishapevuka hupokewa na mrija wa uzazi na kusafiri hadi kwenye mji wa mimba. Saratani hutokea pale seli zinapoanza kugawanyika bila mpangilio na kukaidi amri ya kufa. Sehemu kubwa ya saratani za ovari huanzia katika utando wa nje. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyingi za zile zilizo kali zaidi huanzia hasa katika ncha ya mrija wa uzazi, kisha seli zake zikaiangukia ovari iliyo jirani.

Wangari aliolewa na Mwangi Mathai mwaka wa 1969, na wakajaliwa watoto watatu, Waweru, Wanjira na Muta. Kazini, alipanda ngazi hadi akawa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo mwaka wa 1976 na profesa mshirika mwaka wa 1977. Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Waliachana mwaka wa 1977 na ndoa ikavunjwa rasmi mahakamani mwaka wa 1979. Alipoukosoa uamuzi huo hadharani, alifungwa kwa siku chache kwa kosa la kudharau mahakama. Alipotakiwa aliache jina la mume, aliongeza herufi moja, akawa Maathai.

Wakati huo alikuwa ameanzisha jambo lililomfanya ajulikane ulimwenguni. Kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alikuwa amewasikiliza akina mama wa mashambani wakilalamika kwamba kuni zimepotea, mito imepungua na watoto wanakosa lishe bora. Jibu lake lilikuwa rahisi: wapande miti. Mnamo Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba ilipandwa katika bustani ya Kamukunji jijini Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa shirika la Green Belt Movement. Wanawake walilipwa ada ndogo kwa kila mche uliomea, na kufikia mwaka wa 2004 miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Kazi ya miche ilimwingiza katika siasa. Mwaka wa 1982 alijiuzulu chuoni ili awanie kiti cha ubunge Nyeri, lakini alizuiwa kwa sababu za kisheria kuhusu usajili wa wapigakura, na aliporudi kazini alipata nafasi yake imejazwa. Mwaka wa 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Wakubwa walimkejeli, wakamwita kila jina, lakini mradi ukafa. Mapema mwaka wa 1992 aliungana na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyo wakidai kuachiliwa kwa wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Polisi walivunja mkutano huo kwa mabomu ya kutoa machozi na marungu, naye akapigwa hadi akapoteza fahamu. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani na genge la wahuni alipokuwa akipanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukinyakuliwa. Leo msitu huo ungali umesimama.

Desemba 2002 wakazi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa asilimia 98 ya kura. Rais Mwai Kibaki, jirani yake wa Nyeri, alimteua kuwa waziri msaidizi wa mazingira Januari 2003. Habari ya Tuzo ya Nobel ilimpata mnamo Oktoba 8, 2004 akiwa njiani kutoka Nairobi kuelekea eneo lake la ubunge. Aliisherehekea kwa kupanda mti katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, akiutazama Mlima Kenya. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata tuzo hiyo.

Aliipoteza nafasi yake ya ubunge katika uchaguzi wa 2007, lakini hakupumzika. Alikuwa balozi mwema wa msitu wa bonde la Congo, mlezi wa kampeni ya kupanda miti bilioni moja duniani iliyoanza mwaka wa 2006, mwandishi na mhadhiri aliyealikwa kila pembe ya dunia. Umri wake ulikuwa umepita miaka 65. Huo hasa ndio umri ambao saratani ya ovari huwatafuta wanawake.

Umri ni hatari ya kwanza ambayo mwanamke hana budi kuifahamu. Ingawa hata msichana anaweza kupata maradhi haya, wengi huyapata baada ya hedhi kukoma. Nchini Marekani, ambako takwimu huwekwa kwa makini, nusu ya wanaogunduliwa huwa wametimiza miaka 63 au zaidi. Hapa ndipo dhana moja potovu inapowaponza akina nyanya wengi. Baada ya kumaliza kuzaa na hedhi kukatika, mwanamke huona hana tena haja ya daktari wa magonjwa ya wanawake, kana kwamba viungo vya uzazi vikistaafu kazi haviwezi kuugua.

Hatari ya pili ni damu ya ukoo. Kati ya wanawake wote, takriban mmoja katika kila 90 hupata saratani hii katika maisha yake kwa kipimo cha Marekani. Lakini mwanamke aliyerithi kasoro katika jeni iitwayo BRCA1 huwa na uwezekano wa takriban asilimia 40 au hata zaidi, na aliyerithi kasoro katika BRCA2 hukaribia asilimia 15 hadi 30. Jeni hizo, zilizotambuliwa mwaka wa 1994 na 1995, kwa kawaida hurekebisha seli zilizoharibika. Zikiwa na kasoro, mlinzi wa mwili huwa amelala. Jeni hizo ndizo pia huleta saratani ya matiti, na zinaweza kurithiwa kutoka kwa baba kama vile kwa mama. Kwa hivyo anayeulizwa na daktari kuhusu historia ya ukoo asiishie upande wa mama pekee. Awataje pia shangazi na nyanya upande wa baba.

Zipo hatari nyingine. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, mwenye ugonjwa wa utando wa mji wa mimba kuota nje ya mahali pake, mwenye unene wa kupindukia, au aliyetumia dawa za homoni kwa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, yumo katika hatari kubwa kiasi kuliko wenzake. Kwa upande mwingine, kila mimba inayokomaa hupunguza hatari, na kunyonyesha vilevile. Tembe za kupanga uzazi zikitumiwa kwa miaka mitano au zaidi huipunguza hatari karibu kwa nusu, na kinga hiyo huendelea kwa miaka mingi baada ya kuziacha. Kufunga mirija ya uzazi pia hupunguza hatari.

Hata hivyo, mambo hayo ni mizani, si hukumu. Prof Maathai alikuwa amezaa watoto watatu, na bado aliugua. Wengi wanaopata saratani ya ovari hawana jamaa yeyote aliyewahi kuiugua. Hatari kubwa si kusema kwamba mtu lazima ataugua, na hatari ndogo si cheti cha usalama. Wala maradhi haya hayaletwi na laana, uchawi au mwenendo mbaya, kama wanavyodhani baadhi ya watu vijijini, dhana inayowafanya wagonjwa wajifiche badala ya kutafuta tiba.

Wala hayachagui elimu. Mwaka wa 1958 jijini London alifariki Rosalind Franklin, mwanasayansi ambaye picha zake za eksirei zilisaidia dunia kulitambua umbo la DNA, msingi wa yote yanayojulikana leo kuhusu jeni. Alikuwa na miaka 37. Yeye pia aliuawa na saratani ya ovari.

Kinachoifanya saratani hii kuwa hatari kuliko nyingi ni mahali inapojificha. Uvimbe wa titi hupapaswa kwa mkono. Ovari zimekaa ndani kabisa ya kiuno, penye nafasi ya uvimbe kukua bila kugusa mshipa wala kuzuia njia. Dalili zinapotokea huwa ni zile ambazo kila mwanamke amewahi kuzihisi: tumbo kujaa na kufura, maumivu ya tumbo la chini au kiuno, kushiba upesi baada ya kula kidogo, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Wengine huona uchovu, kufunga choo, maumivu ya mgongo, au damu kutoka baada ya hedhi kukoma.

Tofauti imo katika mwendo wa dalili hizo. Tumbo lililojaa gesi kwa sababu ya maharagwe au githeri hutulia baada ya siku moja au mbili. Dalili ambazo ni mpya kwa mwanamke, zinazomrudia karibu kila siku, zaidi ya siku 12 katika mwezi, na zinazozidi badala ya kupungua, zinahitaji daktari. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo, au za maambukizi ya njia ya mkojo, akarudi nyumbani, akarejea kliniki baada ya mwezi na kupewa dawa zilezile. Miezi hupita. Maji yanapojaa tumboni na nguo kumbana, majirani huanza kunong'ona kwamba mama mzima ana mimba. Wakati huo saratani huwa imeshatoka kwenye ovari na kusambaa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho wanawake wa Kenya wamehimizwa kwa miaka mingi wakifanye, hakigundui saratani ya ovari. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini Oktoba 2019, huzuia saratani ya mlango wa kizazi wala si hii. Mwanamke aliyepimwa mlango wa kizazi na kuambiwa yu salama asidhani ovari zake zimepimwa. Kwa kweli hakuna hata kipimo kimoja duniani cha kuwachunguza wanawake wote wasio na dalili. Uingereza ilijaribu. Wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, wengine wakipimwa damu na wengine wakipigwa picha za ultrasaundi, na matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba upimaji huo haukupunguza vifo.

Kwa mwenye dalili, mambo ni tofauti. Daktari humpapasa tumbo na nyonga, huagiza picha ya ultrasaundi, na hupima damu kutafuta kemikali iitwayo CA-125, ambayo mara nyingi hupanda penye saratani hii. Kipimo hicho peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu hupanda pia penye magonjwa mengine na huenda kisipande mapema. Jibu la mwisho hutolewa na maabara baada ya kuchunguza kipande cha uvimbe kwa hadubini, kazi isiyotofautiana sana na ile aliyoifanya Wangari akiwa kijana, akichungulia seli za ovari za ng'ombe.

Tiba huanza kwa upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, kisha dawa za kuua seli za saratani zinazoingizwa kwa mshipa, ingawa wakati mwingine dawa hutangulia. Saratani ikigunduliwa ingali ndani ya ovari pekee, zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikigunduliwa imesambaa mbali, ni takriban watatu tu. Ni wachache wanaogunduliwa mapema. Duniani kote, takriban wanawake 324,000 waligunduliwa kuwa na maradhi haya mwaka wa 2022, na wapatao 207,000 wakafa.

Prof Maathai aliyabeba maradhi yake kwa faragha. Mnamo mwaka wa 2010 alishiriki kuanzisha taasisi ya amani na mazingira inayobeba jina lake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kitabu chake kingine kikatoka mwaka huohuo. Wakenya wengi hawakujua kwamba anaugua. Ndiyo sababu habari ya kifo chake katika Nairobi Hospital, usiku wa Jumapili ya Septemba 25, 2011, iliwapiga kama radi. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Mazishi yalikuwa ya kitaifa, mnamo Oktoba 8, 2011, miaka saba kamili tangu siku aliyopata habari ya Tuzo ya Nobel. Mwili wake ulipitishwa Uhuru Park, bustani aliyoiokoa. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji. Kisha mwili ukachomwa katika tanuri la Kariokor. Miongoni mwa waliomzika walikuwamo akina mama waliozeeka wakipanda miche naye.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012, iliyoweka msingi wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Sayansi nayo imesonga. Desemba 2014, miaka mitatu baada ya kifo chake, Marekani iliidhinisha olaparib, dawa ya kumeza inayowasaidia hasa wagonjwa wenye kasoro za BRCA. Wanawake wenye kasoro hizo sasa hushauriwa, wakishamaliza kuzaa, waondolewe ovari na mirija kabla ya saratani kuanza, hatua inayopunguza hatari kwa kiasi kikubwa sana. Vipimo vya jeni na dawa hizo bado ni ghali, na kwa mkulima wa chai au kahawa wa Nyeri gharama hiyo ni mzigo mzito.

Lakini hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Mwanamke wa Gatitu ambaye tumbo lake limefura kwa wiki tatu, na ambaye hawezi kumaliza sahani aliyokuwa akiimaliza zamani, anaweza kuzihesabu siku za dalili zake katika kalenda na kwenda nazo hospitalini. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti na ile ya Consolata, Mathari, haziko mbali. Anaweza kueleza waziwazi nani katika ukoo wake aliwahi kuugua saratani ya titi, ya ovari au ya utumbo. Anaweza kuomba ultrasaundi, na akipewa dawa zisizosaidia, arudi na kuuliza tena badala ya kuona haya. Wanaume nao, ambao mara nyingi ndio wenye kushika fedha za nyumba, wasingoje mke azidiwe ndipo watafute nauli.

Hayati Wangari Maathai aliwafundisha wanawake wa Mlima Kenya kwamba mto ukikauka kuna sababu, na kwamba asiyekubali kunyamaza huipata. Alianza na mti mmoja wa mugumo na kijito kilichotoweka bila mtu kuuliza. Mwili nao una vijito vyake. Unapoanza kulalamika kwa sauti ndogo, siku baada ya siku, mwenye mwili huo ndiye wa kwanza kusikia, na ndiye apasaye kuuliza kwa nini mapema.